Vumbi Likifunga Barabara, Simama

Arua, 5 Julai 2023

Mjomba Wani,

Asalaam aleikum. Huku sote tumeamka salama, na natumaini barua hii itakukuta Abuku ukiwa mzima, na lile goti limepunguza hasira. Mama anakusalimu. Mguu wake bado umevimba lakini mdomo haujambo. Idd yote alishinda jikoni akitugombeza kuhusu pilau. Binti yangu Sumayah meno ya mbele yameng'oka yote, na bado hanyamazi.

Nakuandikia kwa kuwa simu huwezi kuisikia, na ujumbe wa kusomewa na jirani najua huutaki. Constantino, dereva wa taksi ya Koboko, ataiacha barua kwenye duka la vitambaa pale sokoni Koboko, kama siku zote, mpaka apite mtu wa Abuku.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Kibanda changu cha mandazi kimevunjwa, barabara inapanuliwa. Kilichobaki nyumbani ni pikipiki ya Swaibu, imekaa barazani tangu mume wangu huyo avuke mpaka kwenda Yei, Sudani Kusini. Nataka kuiendesha mwenyewe nibebe abiria. Wako wanawake wengi hapa, hasa wajawazito na wanaokwenda sokoni alfajiri, ambao wangefurahi kubebwa na mwanamke mwenzao. Jirani yetu Onzima ni bodaboda wa steji, kile kituo cha pikipiki kilicho karibu na msikiti. Amekubali kunifundisha kwenye uwanja wa mpira, kisha anipeleke kwa mwenyekiti wao. Tatizo ni kwamba Onzima ananifundisha kuondoka tu. Nikimuuliza kusimama, anasema nitajua mwenyewe.

Wewe uliendesha miaka mingi kati ya Koboko na mpakani, kabla masikio hayajaharibika. Nifundishe kwa barua. Mama alinikataza kukuuliza, hakusema kwa nini, nami ndiyo hivyo nimeuliza.

Mpwa wako,
Rehemah

*

Abuku, 22 Julai 2023

Mpwa wangu Rehemah,

Waleikum salaam. Barua imefika, imekunjwa kama sambusa na ina mafuta ya Constantino. Mimi mzima. Mihogo imeshika vizuri, ila nguruwe pori wanaijua njia kuliko mimi. Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha. Mvua inatosha. Imamu mpya ni kijana, anasali haraka, goti langu linamshukuru.

Mwambie mama yako aukande mguu kwa maji ya chumvi, aache ubishi. Msalimie Sumayah. Swaibu ana habari gani huko Yei? Hukumtaja kwa heri wala kwa shari.

Ni mimi mjomba wako,
Wani

*

Arua, 30 Julai 2023

Mjomba,

Asalaam aleikum. Mama ameukanda mguu na ubishi ameendelea nao. Tuko salama.

Umenijibu habari za mbuzi, mihogo, nguruwe na imamu. Pikipiki umejitia hamnazo. Basi nikwambie kwamba nimeshaanza. Juzi nilianguka uwanjani, bomba la moshi likaniunguza nyuma ya mguu, na watoto wa shule wakapiga makofi. Usiponifundisha wewe nitafundishwa na ardhi, na yenyewe haina subira. Nina mama mgonjwa na mtoto, Mjomba. Sichezi.

Rehemah

*

Abuku, 19 Agosti 2023

Rehemah,

Waleikum salaam. Mapacha wa mbuzi wanaendelea vizuri. Kidonda cha moto usikipake dawa ya meno kama wajinga wa mjini, kioshe kwa maji baridi.

Sikusahau kukujibu. Nilitaka ukate tamaa. Ningekuwa na miguu mizuri ningekuja Arua nikaiuza hiyo pikipiki mwenyewe, hata kwa adui. Lakini wewe ni mtoto wa mama yako, ukishasema umesema. Basi soma, na usome tena.

Usiwashe injini. Isukume kwa mikono, shika breki, isimame. Isukume tena, isimame. Fanya hivyo uwanja mzima mpaka mikono ijue bila kuuliza kichwa. Onzima wako acheke mpaka achoke. Anayejua kuondoka tu ni mzigo uliotupwa barabarani.

Breki ni mbili, na zote ni zako. Zikamue pamoja, taratibu. Penye changarawe, breki ya mbele iguse tu, ukiibana tairi linateleza na wewe unatua kwa meno. Macho yatazame unakotaka kwenda. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni. Mnyororo uukague kila asubuhi kwa kidole kabla ya chai.

Ukija huku Koboko, kuna magari yanayotoka Kongo na Sudani, na kwao wanapita kulia. Dereva akichoka anasahau amevuka mpaka. Ukiona gari linakujia upande wako, usipige honi kudai haki. Toka.

Hijabu ichomeke ndani ya koti, ncha zote. Suruali vaa chini ya gauni. Helmeti uifunge mkanda chini ya kidevu. Kuiweka kichwani bila kuifunga ni sawa na kuiacha nyumbani. Hili la helmeti sitalirudia kwa sababu sipendi kuliandika.

Swaibu hajambo?

Wani

*

Arua, 24 Septemba 2023

Mjomba wangu mkali,

Asalaam aleikum. Mama anatembea hadi kwenye lango sasa, akirudi anahesabiwa kama aliyetoka Hija. Sumayah jino moja limechomoza.

Nimeisukuma pikipiki bila injini wiki nzima. Uwanja wote walidhani nimekosa petroli. Mzee mmoja alinihurumia akataka kunisaidia. Onzima alicheka hadi akakaa chini. Kisha nikawasha, nikaenda hadi golini, nikasimama pale nilipotaka, tairi juu ya mstari. Siku iliyofuata nilimkuta Onzima anaisukuma ya kwake nyuma ya nyumba yao, alidhani simwoni.

Mjomba, nimewaza jambo. Mama anasema mpaka leo unakwenda Koboko kuswali Ijumaa kwa miguu, na goti hilo, na pikipiki zinakupita unazipungia mkono ziende. Nikiiva nije nikubebe? Nitakwenda polepole kama nimebeba mayai. Na nikuulize jingine usikasirike. Masikio yako ni kwinini kweli? Sisi tuliambiwa ni kwinini ulipougua malaria. Lakini nikimuuliza mama, anaondoka na sufuria isiyo na kitu.

Rehemah

*

Abuku, 15 Oktoba 2023

Mpwa wangu,

Waleikum salaam. Hali njema. Mvua imezidi, njia ya kisimani imekatika.

Ni kwinini, kama mlivyoambiwa.

Kunibeba, hapana. Mimi nina miguu. Usiniulize tena.

Mvua ikianza, zile dakika za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu vumbi na mafuta ya magari vinaungana juu ya lami. Simama kwenye baraza ya nyumba ya watu, salimia, ngoja barabara ioshwe. Abiria akilalamika mwache ashuke. Mwanamke mwenye gomesi, lile gauni refu la kwetu, akitaka kukaa upande, mkunjie nguo magotini na ulifunge lile tambaa la kiunoni, nimeona likiingia kwenye mnyororo. Abiria ni mmoja. Ukibeba wawili usiniandikie tena.

Nauliza habari za Swaibu mara ya tatu. Kama hutaki kusema, sema hutaki kusema.

Wani

*

Arua, 3 Desemba 2023

Mjomba,

Asalaam aleikum. Mama hajambo na Sumayah hajambo. La Swaibu sitaki kusema.

Nimepokelewa steji! Mwenyekiti Ocama alinizungusha mji mzima akiwa amekaa nyuma yangu, kupitia sokoni, kupitia mlima wa Ediofe, na aliposhuka alisema tu, "Huyu mwanamke iko na breki." Nimepewa fulana ya steji. Mimi ni mwanamke peke yangu pale, na vijana wananiita Mama Polepole. Anayepiga kelele zaidi ni Jude, kijana mwembamba anayeendesha kwa mkono mmoja ili mwingine upate kupungia wasichana. Lakini wanawake wananingoja. Juzi nimempeleka mama mjamzito hospitali, uchungu umeshamshika, alinikamata mbavu mpaka leo zinauma. Amezaa wa kiume na wanataka kumwita Rehemah, tumewakataza.

Nina furaha, Mjomba. Nilitaka ujue kwa maandishi.

Rehemah

*

Abuku, 20 Desemba 2023

Rehemah,

Waleikum salaam. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nimemsomea hata mbuzi. Hongera. Ocama huyo ana akili.

Sasa kiangazi kimeingia na marram, ule udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami, imegeuka unga, kwa hiyo sikiliza hili kuliko yote. Lori likipita mbele yako likaacha vumbi hadi huoni tairi lako, usilifuate. Usiseme barabara naijua. Barabara unaijua, aliyemo ndani ya vumbi humjui. Toka pembeni kabisa, simama, washa taa, ngoja vumbi lishuke. Walio nyuma watakutukana. Watukane moyoni. Vumbi likifunga barabara, simama, hata kama umembebea Rais chakula.

Wani

*

Arua, 11 Januari 2024

Mjomba,

Onzima amekufa. Leo alfajiri alikuwa akitoka kumpeleka abiria uwanja wa ndege, akaligonga lori lililoharibika katikati ya barabara, halina taa wala tawi la kuonya watu. Alikuwa amevaa helmeti. Haikusaidia, kifua kilivunjika. Mkewe yuko kwetu, amelala kitanda cha Sumayah.

Kesho tunampeleka kwao, ndani huko kupita Inde. Steji nzima tunasindikiza kwa pikipiki, na steji nyingine zinakuja. Matawi tunafunga mbele, taa tunawasha, honi mwanzo hadi mwisho. Na helmeti zinavuliwa. Ndivyo wanavyomheshimu mwenzao hapa, kichwa wazi mpaka kaburini. Ocama amesema asiyevua asije, na asiyekuja fulana airudishe.

Onzima ndiye aliyenipeleka steji. Nikikosa kumsindikiza mimi ni mtu gani? Na fulana nikirudisha, tutakula nini? Mjomba, barua zako zote zimesema breki, mvua, vumbi. Mazishi hukusema lolote. Nifanye nini? Najua hutanijibu kwa wakati. Nampelekea Constantino hivyo hivyo.

Rehemah

*

Abuku, 16 Januari 2024

Rehemah,

Barua nimeipata leo mchana. Mmeshamzika.

Usiende. Najua umeshakwenda, lakini mkono umeandika usiende.

Nimempa jirani namba yako apige, imezimwa. Akapiga ya mama yako. Nilimtazama mdomo, sikuelewa kitu. Akachukua kijiti akaniandikia mchangani, YUKO HAI. MAMA ANALIA. Halafu simu ikakatika.

Analia nini? Umevunjika wapi? Nimempa mtu barua hii aipeleke Koboko sasa hivi kwa mguu. Andika, hata neno moja. Unaweza kushika kalamu?

Wani

*

Arua, 30 Januari 2024

Mjomba,

Asalaam aleikum. Sijavunjika. Nisamehe kuchelewa, kalamu nilikuwa naishika na kuiweka. Simu yangu ilidondoka siku ile, ikakanyagwa.

Asubuhi ile mbele ya chumba cha maiti zilikuwepo pikipiki nyingi kuliko zilizopata kuonekana pale. Pickup iliyobeba jeneza ilifunguliwa nyuma, na kila mtu akaweka helmeti yake kando ya Onzima. Zilijaa mpaka nyingine zikakaa juu ya sanduku. Mimi yangu niliifunga mkanda. Ocama alinifuata.

"Rehemah, toa hiyo kitu."

"Mimi natoa kama tunafika kwa kaburi."

"Mutu yetu iko ndani ya sanduku, na wewe nafunika kichwa kama nakwenda sokoni? Wewe nataka kutia sisi haya?"

"Onzima iko najua kama mimi namuheshimu."

"Basi kaa nyuma," akasema. "Nyuma kabisa."

Nikakaa nyuma. Jude alikuwa karibu yangu, amefunga tawi kubwa mbele hadi likamziba uso, analia wazi bila kujificha, maana Onzima alikuwa kama kaka yake. Kwenye lami tulikwenda vizuri. Tulipoiacha pale Inde sokoni na kuingia marram, pickup ikaongeza mwendo na vumbi likafunga. Mjomba, sikuona mkono wangu. Mbele nilisikia honi na vilio tu. Nikatoka pembeni, nikasimama, nikawasha taa, kama ulivyoniandikia. Jude akapunguza, akanipigia kelele, "Mama Polepole, leo pia?" Akaingia vumbini.

Niliusikia mlio. Vumbi lilivyoshuka nikawaona watatu chini na pikipiki juu yao. Wawili wameumia miguu. Jude alikuwa amelala kwenye majani kando ya barabara, hana hata mkwaruzo usoni, kichwa kimeangukia jiwe. Nilimfungua lile tawi. Nilimwita sana. Helmeti yake ilikuwa mbele huko kwenye pickup, imeegemea jeneza la Onzima, na dereva hakujua mpaka alipofika.

Siku mbili baadaye tulimzika na yeye. Nasema tulimzika, lakini mimi nilisimama mbali. Steji inasema kifo hiki nimekileta mimi. Wanasema mtu akisimama njiani msafara wa maiti unapopita, maiti inageuka kutafuta mwenzake. Ocama alikuja nyumbani mwenyewe kuchukua fulana. Hakunitazama. Na Jude, Mjomba, walimsindikiza vichwa wazi.

Jioni ya siku hiyo mama alikaa kitandani kwangu akaniambia habari za marehemu Poni. Nilidhani mkeo alikufa kwa ugonjwa. Sasa najua alikuwa nyuma yako mkimsindikiza rafiki yako kaburini, helmeti zenu mmezivua kama wengine, mkaanguka, na kwamba ulipozinduka hospitali ulikuwa husikii na yeye ameshazikwa kwa baba yake. Sikuulizi kitu. Nataka tu ujue kwamba najua, na kwamba kila ulichoniandikia nilikifuata.

Na la Swaibu nilisema sitaki kusema. Ameoa Yei. Ana mtoto. Harudi.

Pikipiki nimeifunika turubai. Kuna mtu wa Vurra anaitaka. Nitaiuza, kama ulivyosema tangu mwanzo. Nikiiona nasikia ile sauti, leo pia?

Rehemah

*

Abuku, 12 Februari 2024

Mpwa wangu,

Waleikum salaam. Mihogo tumeanza kung'oa. Mmoja wa wale mapacha amekufa, mwingine ananifuata kila mahali.

Aliyokuambia mama yako ni kweli. Zaidi ya hayo sitaandika.

Swaibu tumuache huko aliko.

Hukumuua yule kijana. Ulisimama, naye alikuona umesimama. Ungeingia na wewe, leo mama yako angekuwa ananiandikia mimi, na mimi ningekuwa nasoma habari ile ile mara ya pili maishani mwangu. Wakikutukana, wewe uko hai wa kutukanwa. Nililia niliposoma, mbele ya jirani, na sikuona haya.

Usiiuze. Najua nilisema nini. Wanawake wa Arua hawakuwa wakiingojea fulana, walikuwa wanakungoja wewe. Wabebe kutoka nyumbani kwako, bila steji. Itakuwa ngumu na Ocama atakusumbua. Mke wa Onzima akitaka kujifunza, mfundishe, na uanze na injini imezimwa.

Sasa nisikilize. Kwao Poni ni mbali na Abuku, ndani kabisa, taksi haifiki. Kaburi lake sijaliona. Kila mwaka nimewaambia shemeji zangu ni goti, nao wakakubali, watu wazuri. Siyo goti.

Njoo baada ya Ijumaa. Lete helmeti mbili na unifunge mkanda mwenyewe. Nitakaa nyuma. Sitasikia injini wala honi wala wewe, kwa hiyo ukitaka kuniambia kitu nigonge goti lile zima.

Njia ile kiangazi ni vumbi tupu. Likifunga, simama. Hata ukiniona nakusukuma mgongoni twende, simama.

Mjomba wako,
Wani